Mjadala: Je, moto wa malisho huua udongo?

Mwananyika: Ndugu wachangiaji, msimamo wangu ni kwamba moto wa nyasi kavu hupita upesi, na kwa kuwa udongo mkavu haupitishi joto kwa urahisi, sentimita chache tu chini ya majivu mizizi husalimika na mvua ikinyesha nyasi huchipua. Anayepinga na aeleze kilichokufa ni kipi.

Mboji Kwanza: Huo ni utetezi wa wavivu, mniwie radhi. Joto likifika takriban nyuzi 200 za Selsiasi, naitrojeni, kirutubisho cha mimea, huanza kupotelea hewani na mboji huanza kuungua. Kwa hiyo ukijani unaousifia ni mkopo uliochukuliwa kwenye akiba ya udongo, na mkopaji hana nia ya kulipa.

Mwananyika: Mvivu hakeshi akilinda barabara ya kuzuia moto, bwana. Hizo nyuzi 200 umezipima juu ya ardhi au sentimita tano chini? Tena fosforasi, kirutubisho kingine, haigeuki mvuke hadi joto likaribie nyuzi 770, kwa hiyo sehemu kubwa yake hubaki kwenye majivu.

Mpitanjia: Hubaki hadi upepo utakapovuma.

Mpima Udongo: Mnabishana kana kwamba moto ni wa aina moja. Palipolala gogo, joto hukaa kwa saa nyingi, na ukifukua utakuta majivu meupe, kisha udongo uliogeuka mwekundu kwa sababu madini yake ya chuma yamebadilika. Hapo mboji imekwisha na chembe hazishikamani tena. Hatua mbili pembeni, palipoungua nyasi tupu, utaona masizi meusi na mashina yaliyo hai. Kuna pia suala la maji, ambalo hakuna aliyeligusa: nta za majani yaliyoungua hupenya chini kidogo zikiwa mvuke, zikaganda kwenye chembe za udongo, na tone la maji likiwekwa juu yake husimama bila kuzama. Katika Hifadhi ya Taifa ya Kruger, Afrika Kusini, kuna viwanja vya majaribio vinavyochomwa kwa ratiba mbalimbali tangu 1954, kwa sababu jibu hutegemea moto umerudiwa mara ngapi na katika majira gani.

Mboji Kwanza: Kukesha si hoja. Mwizi naye hukesha.

Mwananyika: Sasa nimekuwa mwizi! Mpima Udongo, mweleze mwenzetu kwamba udongo wenye unyevu hauzidi nyuzi 100 hadi maji yake yaishe kwa kugeuka mvuke. Ndiyo maana wenye busara huchoma mapema, ardhi ingali na unyevunyevu.

Mpima Udongo: Hilo ni kweli, lakini unyevu huo huo hupitisha joto kwenda chini upesi kuliko udongo mkavu, na mizizi, mbegu zilizolowana na kuvu hufa hata kabla ya nyuzi 100.

Mboji Kwanza: Naona tumehama kwenye "huua au hauui" tukafika "tuchome lini". Haya, mwenye busara atujibu: baada ya kuchoma, mifugo huizuia kwa muda gani, au huifungulia chipukizi lilipoonekana tu, ikakanyaga ardhi iliyo uchi?

Mwananyika: Swali hilo waulize wenye mifugo mingi kuliko yangu.

Mpitanjia: Yaani hazuii.