Tupeane uzoefu: HR (idara ya rasilimali watu) wakitaka hati ya mshahara wa kazi ya zamani, unatoa kipi na unazuia kipi?

Wadau wa Mombasa na viunga vyake, swali hili hurudi kila msimu hoteli zinapoanza kuajiri. Umevuka mahojiano, barua ya ajira iko njiani, mara unaletewa ujumbe: tuma hati za mshahara za miezi mitatu, P9 ya mwaka jana (fomu ya mwajiri inayoonyesha mapato yako na kodi iliyokatwa) na fomu ya ridhaa ya kuchunguzwa iliyotiwa sahihi, kesho saa nne asubuhi. Wenye kuijua kazi hii watueleze: kipi ni lazima, kipi ni hiari, na watu hukosea wapi? "Mimi niliwahi" tuiweke kando leo. Leteni hatua na tarakimu.

Wa Nyali, upande wa HR

Tuanze na sheria. Kenya hakuna sheria inayomkataza mwajiri kuuliza ulikuwa ukilipwa ngapi. Huko Marekani, California walipiga marufuku kuanzia Januari 2018 na Massachusetts Julai mwaka huo huo. Watu husoma hayo mtandaoni, kisha wanakuja kumtajia mtu wa Moi Avenue sheria ya California. Haikusaidii kitu.

Kinachokusaidia ni Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kifungu cha 25 kinataka data inayokusanywa ihusike na lengo lililotajwa na isizidi kinachohitajika. Kifungu cha 32 kinamtwika anayechukua data mzigo wa kuthibitisha kwamba uliridhia, na kinakupa haki ya kuondoa ridhaa hiyo. Kwa hiyo swali la kwanza kuwauliza, kwa maandishi na kwa heshima, ni hili: mnataka kuthibitisha kwamba nilifanya kazi pale, au mnataka kupanga mshahara wangu? Hayo ni mambo mawili.

Kama ni la kwanza, hati yake ipo na haina mshahara ndani. Ni cheti cha utumishi, kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya 2007. Kinataja jina na anwani ya mwajiri, jina lako, tarehe ya kuanza, aina ya kazi na mahali ilipofanyika, na tarehe ya kuondoka. Aliyefanya kazi wiki 4 mfululizo au zaidi anastahili kupewa anapoachana na mwajiri, hata kama ameachishwa. Mwajiri akikunyima kwa makusudi au kwa uzembe, faini ni hadi shilingi 100,000 au kifungo hadi miezi 6. Ila sheria haimlazimishi akusifu, kwa hiyo usidai barua ya sifa ukidhani ni haki yako.

Kama ni la pili, usipeleke historia, peleka matarajio: "Natarajia kati ya 75,000 na 85,000 kabla ya makato." HR aliye na bajeti atajua papo hapo kama mnaelewana.

Mhasibu wa Bamburi

Hapa ndipo watu hujivua nguo wenyewe. Mtu anaambiwa atume hati ya mshahara, anaamua kuficha kiasi. Tuseme ni hati ya 60,000. Anapaka wino mweusi juu ya 60,000, anapaka tena chini penye fedha za mkononi, anaridhika. Katikati ameacha mistari mitatu: SHIF (bima ya afya ya jamii) 1,650. Ushuru wa nyumba 900. NSSF (akiba ya uzeeni) 3,600.

SHIF ni asilimia 2.75 ya mshahara ghafi (kabla ya makato) na haina kikomo cha juu. Gawanya 1,650 kwa 0.0275, unapata 60,000 kamili bila senti kupotea. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5, 900 kwa 0.015, ni 60,000 ile ile. Kikokotoo cha simu kinatosha. Ukiamua kuficha, ficha safu nzima ya tarakimu, ubakishe jina lako, jina la mwajiri, mwezi, cheo na nambari ya mfanyakazi. La sivyo usitume kabisa.

Kosa la pili ni la kompyuta. Kuchora kisanduku cheusi juu ya PDF hakufuti maandishi yaliyo chini yake. Anayeipokea anachagua sehemu ile kwa kipanya, ananakili, anabandika kwenye ukurasa mtupu, na tarakimu inatoka. Chapisha karatasi, ziba kwa wino, ishike juani uone kama bado inasomeka kwa nyuma, kisha ipige skani upya.

Taarifa ya NSSF nayo ina mtego. Ni nzuri kwa kuthibitisha mwajiri na miezi uliyochangiwa, lakini mchango ni asilimia 6 kwako na 6 kwa mwajiri, kwa hiyo ukiona jumla ya 7,200 kwa mwezi, gawanya kwa 0.12, umerudi 60,000. Haisemi siri kwa wanaopita kikomo tu. Kuanzia Februari 2025 kikomo kilikuwa 72,000 na mkato wa juu 4,320, hivyo wa 80,000 na wa 300,000 walionekana sawa.

Taarifa ya benki ndiyo mbaya kuliko zote. Unatoa mshahara, chama, deni la sacco, karo ya watoto na jina la kila aliyekutumia pesa. Hao wengine hawakumpa yeyote ridhaa.

Dada wa Tudor

Mhasibu, na ile hoja kwamba HR wanahitaji P9 "ya kodi"? Wengi huambiwa hivyo wakihama katikati ya mwaka.

Mhasibu wa Bamburi

Haina uzito, dada. PAYE yetu (kodi inayokatwa kwenye mshahara) hukokotolewa mwezi kwa mwezi. Mwajiri mpya anahitaji PIN yako ya KRA (mamlaka ya mapato), kitambulisho, nambari ya NSSF, ya SHA (mamlaka ya bima ya afya) na akaunti ya benki, basi. P9 ya kwanza na ya pili unaziunganisha wewe mwenyewe unapowasilisha ritani yako kabla ya tarehe 30 Juni. Anayeomba nenosiri lako la iTax (mfumo wa KRA wa kodi mtandaoni) "akusaidie kuthibitisha" mkatalie bila kupepesa macho. Cheti cha kutodaiwa kodi kinatosha, na hakionyeshi mapato yako.

Wa hoteli, pwani ya kaskazini

Kwa wenzetu wa hoteli, hatari kubwa ni kuonekana mwongo bila kusema uongo. Malipo ya hoteli yana mshahara wa msingi, posho ya nyumba, saa za ziada na mgao wa huduma (service charge wanayolipa wageni), na mgao huo unapanda Desemba na kuanguka Mei. Mtu anaandika kwenye fomu kile alichopokea mkononi Desemba. Anayethibitisha anapiga simu, anaambiwa mshahara wa msingi pekee. Pengo linaonekana kama udanganyifu na barua ya ajira inarudishwa kabatini.

Ukiamua kutaja kiasi, kitaje kwa mafungu: msingi ni huu, nyumba ni hii, mgao hubadilika kwa msimu na haumo. Andika "ghafi" au "mkononi" kando ya kila tarakimu. Na usiguse tarakimu ya hati ili ipande. Kughushi ni jinai, na hata ukishaajiriwa, ikigundulika baada ya mwaka mmoja bado unafukuzwa nayo.

Baharia wa Likoni

Sisi wa melini tumeshatatuliwa hili. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, ambao Kenya iliuridhia 2014, unasema hati ya kumbukumbu ya utumishi wa baharia isitaje ubora wa kazi yake wala mshahara. Kitabu chako cha baharia kinaonyesha meli, cheo na tarehe. Wakala akitaka mkataba wa safari iliyopita ambao una mshahara, mpe kitabu.

Wa Nyali, upande wa HR

Turudi kwenye fomu ya ridhaa, maana ndiyo husainiwa bila kusomwa. Tafuta sentensi yenye maneno kama "taarifa zozote kutoka kwa mtu yeyote". Ikate kwa mstari mmoja, juu yake andika kwa mkono: "tarehe za ajira, cheo na sababu ya kuondoka pekee, malipo hayamo", tia herufi za jina lako na tarehe, kisha piga picha kabla ya kurudisha. Kampuni ya uchunguzi iliyoajiriwa kuthibitisha hufuata kilichoandikwa kwenye fomu hiyo. Usipokata, itauliza kila kitu, na karani wa kazi ya zamani atajibu kila kitu.

Ongeza mstari wa pili kama bado uko kazini: "Mwajiri wa sasa asipigiwe simu kabla ya barua ya ajira kutiwa sahihi." Watu huchunguzwa Jumatatu, bosi anajua Jumanne, na barua haijafika. Usitoe notisi yako ya siku 28 kwa ahadi ya mdomo.

Fomu za mtandaoni zisizokubali kuendelea bila tarakimu: usiweke 0 wala 1, mfumo mwingine huchuja hizo na ombi halifiki kwa binadamu. Weka kiasi unachotarajia, na kwenye barua ya maombi sema wazi kwamba hiyo ni tarakimu ya matarajio.

Usipopata kazi, waandikie wafute nakala zako. Unaweza pia kuomba uone walichokusanya kuhusu wewe, na wanapaswa kukujibu ndani ya siku 7 bila malipo. Wakinyamaza, lalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Uchunguzi una ukomo wa siku 90. Ambatisha ile picha ya fomu. Bila hiyo ni neno lako dhidi ya lao.

Dada wa Tudor

Naongeza la saiba (duka la intaneti na kuchapisha). Ukichapishia P9 pale, faili hubaki kwenye folda ya vipakuliwa na WhatsApp yako hubaki wazi kwenye kivinjari. Kabla hujalipa: futa faili, futa tena kwenye pipa la taka, kisha kwenye simu yako ingia vifaa vilivyounganishwa uondoe kompyuta ile. Na ile nakala iliyotoka na wino hafifu, usimwachie mhudumu. Ndizo wanazofungia viazi karai pale nje.