Kombe ndani ya ukuta wa timbo: bahari ilipanda bila magari, sasa tunatishwa nini?

Fundi_wa_Timbo (Kilifi)
Jamani wataalamu, nisaidieni. Kazi yangu ni kuchonga mawe ya kujengea. Kutoka timboni kwetu hadi ufuoni ni mwendo wa robo saa, kuteremka tu. Ukipiga tindo mle unakutana na matumbawe yamesimama wima vile vile yalivyoota, mengine mapana kama sinia, na makombe yamefumba kabisa, pande zote mbili zimeshikana. Juzi walikuja wageni wa chuo, wakatoboa mwamba kwa mashine na kuchomoa vijiti vya mawe. Mmoja akaniambia hapo palikuwa chini ya maji miaka kama 125,000 iliyopita. Sawa, hata macho yananiambia hivyo. Lakini wakati huo hakukuwa na gari wala kiwanda. Kama bahari ilipanda yenyewe na ikashuka yenyewe, hizi kelele za leo kwamba moshi wetu unapandisha bahari ni za nini? Nauliza kwa sababu nataka kununua kiwanja karibu na hori.

Kasa_Mzee
Gharika ya Nuhu hiyo, fundi. Pandisha bei ya mawe.

Mwl_Jiografia_Mstaafu
Fundi, umeuliza vizuri kuliko wengi niliowafundisha, na wageni wako wamekuachia jibu nusu.

Kilichopandisha maji wakati ule ni jua. Njia ya dunia kulizunguka jua hubadilika polepole, na mhimili wake nao hubadili mwinamo. Zama hizo kaskazini ilipata jua kali zaidi majira ya joto, barafu ya Greenland ikapungua, na ya Antaktika nayo ikapungua. Ukichukua wastani wa dunia nzima, joto lilizidi lile la kabla ya viwanda kwa nyuzi 1 hivi. Nyuzi 1 tu! Na bahari ikasimama mita 5 hadi 10 juu ya hapa ilipo leo.

Sisi nyuzi hiyo tumeshaifikia, ila kwa mlango mwingine. Enzi zile kaboni dioksidi hewani ilikuwa sehemu 280 hivi kwa milioni. Leo imepita 420. Jua lile lilikolea upande mmoja kwa msimu, lakini hewa yetu hii inashika joto kaskazini na kusini, mwaka mzima. Kwa hiyo mawe yako mimi yananitia hofu zaidi. Yanaonyesha ni joto dogo kiasi gani linatosha.

Vile vijiti vilikuwa vya kupimia umri. Tumbawe likiwa hai hufyonza uraniamu iliyomo majini, thoriamu karibu halipati kabisa. Likishakufa, uraniamu hugeuka thoriamu kidogo kidogo, kwa mwendo unaojulikana. Ukipima zote mbili, umepata miaka.

Ila usichukue futi ukapima kutoka kombe lako hadi majini ukasema hicho ndicho kimo cha bahari ya kale. Pwani yetu ardhi yenyewe imekuwa ikisogea, huku imeinuka, kule imezama. Ndiyo maana watafiti walikwenda Shelisheli, visiwa vya itale kama La Digue na Curieuse, ambako ardhi imetulia zaidi na matumbawe ya kale bado yameng'ang'ania mwamba. Andrea Dutton na wenzake walichapisha kazi hiyo mwaka 2015: mita 7.6, zaidi au pungufu kwa 1.7.

Na kuna hili ambalo hunikera. Lundo la barafu kama la Greenland ni zito hata huyavuta maji ya bahari upande wake. Likiyeyuka, mvuto hupungua na maji yale huachiwa. Bahari iliyo jirani na barafu hushuka. Sisi wa tropiki ndio tunaopokea zaidi ya wastani.

Bi_Mwani_Jambiani
Mwalimu umesema ya kupanda, ya kushuka je? Hapa kwetu kuna pango la Kuumbi. Wachimbaji wa mambo ya kale walitoa humo mifupa ya pundamilia na nyati. Unguja hii! Wala hawakuja kwa jahazi. Miaka kama 20,000 nyuma bahari ilikuwa chini kwa mita 120 na ushei, mkondo wetu na bara ulikuwa nchi kavu. Pemba ndiyo iliyobaki kisiwa, mkondo wake na bara kina chake ni mamia ya mita.

Mie ninachotaka kujua ni mwendo. Nalima mwani, vigingi vyangu navipiga kwa kufuata bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Mita 7 zikija kwa miaka elfu sitojali. Zikija katika umri wa mjukuu wangu, hilo jengine.

Mwl_Jiografia_Mstaafu
Bi Mwani, hapo ndipo penye ubishi wenyewe. Matumbawe ya Tahiti yanaonyesha kwamba miaka 14,600 hivi iliyopita bahari ilipanda mita 14 hadi 18 ndani ya karne tatu na nusu. Hizo ni sentimita 4 na zaidi kwa mwaka; siku hizi ni milimita 4 hivi. Lakini wakati ule Kanada ilikuwa imelaliwa na barafu ambayo leo haipo. Iliyobaki: Greenland ikiisha yote ni mita 7, Antaktika ya magharibi ni zaidi ya mita 3, na barafu huchelewa kujibu. Mita 7 ni mambo ya karne nyingi. Ripoti ya 2021 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi, inataja sentimita 30 hadi mita 1 kufikia 2100, kutegemea tunachoma nini, na haikufuta uwezekano wa kuzidi hapo. Mjukuu wako mpigie hesabu ya nusu mita, juu ya bamvua.

Fundi_wa_Timbo (Kilifi)
Nimekuelewa, mwalimu. Kiwanja chenyewe kiko bondeni, mikoko inaanzia mpakani. Dalali ameapa maji hayajawahi kufika.

Mwl_Jiografia_Mstaafu
Mkoko hauoti pakavu, fundi. Alikupeleka saa ngapi, maji yamekupwa? Nenda bamvua ya Machi au Septemba, maji yakijaa, uone mstari wa takataka umeishia wapi. Anzia hapo kupima.

Fundi_wa_Timbo (Kilifi)
Anataka arubuni Ijumaa.

Kasa_Mzee
Mwambie mkutane hapo hapo kiwanjani, usiku wa mwezi mpevu. Avae suruali fupi.