Fundi kaninyofolea balbu zote za dashibodi ya Kombi ya 1978 kafunga LED, alteneta ikaacha kuchaji betri. Hela yangu hataki kurudisha!

Wakuu salaam. Hasira hazijanishuka tangu Jumapili, mtanisamehe nikiandika kwa ukali.

Naishi Hamburg, Ujerumani. Nina Kombi ya Volkswagen, T2 ya mwaka 1978 iliyofanywa gari la kulalia na kampuni ya Westfalia: paa linanyanyuka, kuna jiko la gesi, kiti cha nyuma kinalazwa kinakuwa kitanda. Nimeitunza miaka 11. Ina namba ya H, ambayo hapa hupewa gari lililotimiza miaka 30 na bado liko karibu na lilivyotoka kiwandani. Kwa hiyo kila kitu humo ndani nimepigania kibaki orijino.

Kilichonipeleka gereji kilikuwa kitu kidogo kabisa. Balbu moja inayomulika spidomita iliungua. Kawaida naibadilisha mwenyewe, ila mkono wa kulia ulikuwa na bandeji, na nyuma ya ile dashibodi huingizi mkono mmoja. Nikamwambia fundi kwa maneno haya haya: badilisha balbu moja, ile ya katikati. Nikaacha ufunguo.

Alhamisi naenda kuchukua gari, nakutana na bili ya euro 180, imeandikwa "kuboresha mwanga wa dashibodi". Balbu zote zimechomolewa! Za spidomita, za geji ya mafuta, za saa, mpaka za taa za onyo. Kafunga LED nyeupe yenye ubluu ndani yake. Nauliza za zamani ziko wapi, naambiwa zimetupwa. Nani alimruhusu?

Kwa ambao hamjawahi kuendesha gari hizi usiku, mwanga wa dashibodi yake ni hafifu, wa njano njano, unakuonyesha mshale na namba basi. Watoto wanalala nyuma, wewe unaona barabara. Na ile swichi ya taa kubwa unayoivuta, ukiizungusha inapunguza mwanga wa dashibodi mpaka uupendao. LED zake hazisikii ile swichi. Nimezungusha mpaka mwisho, zinawaka vile vile. Kioo cha mbele cha Kombi kiko karibu na uso na kimesimama wima, sasa duara tatu za bluu zinaelea juu ya lami mbele yangu. Hilo peke yake lilitosha kunirudisha gereji. Bahati mbaya nilikuwa nimeshawaahidi watoto safari ya milima ya Harz, kesho yake asubuhi tunaondoka.

Baba yangu mdogo kule Tanga alikuwa na Kombi ya abiria, na kitu cha kwanza alichonifundisha ni hiki: ukifungua ufunguo kabla hujapiga stata, tazama taa ya chaji na taa ya oili. Lazima ziwake. Injini ikishika, lazima zizime. Ijumaa asubuhi nafungua ufunguo, ya oili imewaka, ya chaji kimya. Nikampigia fundi pale pale. Jibu lake: "Taa ya onyo isipowaka maana yake hakuna tatizo." Nikamwamini. Hapo ndipo ninapojilaumu, maana nilijua.

Tulifika Goslar, mji wa huko Harz, salama, mchana, bila taa. Jumapili jioni tukaanza kurudi, mvua inanyesha, taa kubwa zimewashwa, waipa zinafanya kazi. Tumepita Hannover, mji ulikoundwa gari lenyewe, tumeingia nyika ya Lüneburg. Karibu na Soltau nikaona taa za mbele zinageuka rangi ya chai. Waipa zikaanza kujikokota. Injini ikakohoa mara mbili, ikazima. Saa tano usiku, barabara ya A7, malori yanapita ubavuni gari zima linatikisika, na hata taa za hatari zinawaka kwa kusinzia. Mama watoto kawatoa wanangu wawili na nguo za kulalia, kawavalisha vizibao vya kung'aa, wakasimama nyuma ya reli kwenye mvua. Mdogo ana miaka sita. Alikuwa ananiuliza kama gari limekufa.

Fundi wa msaada wa barabarani alipofika, mzee wa makamo, hakuuliza mengi. Kapima betri, volti 9 na kitu. Kaingiza mkono nyuma ya dashibodi, kachomoa ile LED ya taa ya chaji, kaitazama kwa tochi, akatikisa kichwa. Akatoa kwenye kikopo chake balbu ya kawaida ya wati 1.2, kitu kisichofika hata euro 2, akaichomeka. Fungua ufunguo: nyekundu! Tukaunga waya za betri, injini ikashika, nyekundu ikazima. Kapima tena: volti 14. Alteneta nzima kabisa.

Mafundi umeme mliomo humu mnajua, ila niieleze kwa wengine, maana hapa ndipo uzembe ulipo. Taa ya chaji kwenye gari hizi ni sehemu ya njia ya umeme wa alteneta. Ukifungua ufunguo, umeme mdogo unatoka betri, unapita ndani ya ile balbu, unaenda kuamsha sumaku ya alteneta. Balbu ya wati 1.2 kwa volti 12 inapitisha kama miliampea 100. Alteneta ikianza kuzalisha, volti zinalingana pande zote mbili za balbu, ndiyo maana inazima. LED inapitisha kiasi kidogo sana kuliko hicho. Tena LED ina upande: ukiichomeka kinyume haiwaki na haipitishi kitu. Yeye aliichomeka kinyume! Kuna alteneta zinazojiamsha ukikanyaga mafuta sana, yangu haikujiamsha. Kwa hiyo tangu natoka mlangoni kwake nilikuwa nakula betri tu, na taa ambayo ingeniambia ndiyo hiyo aliyoiua.

Jumatatu nimeenda gereji. Mwenye gereji hakunipa hata kiti. Anasema alteneta imezeeka, gari lina miaka mingi, balbu za zamani zimepitwa na wakati, nishukuru nimewekewa kitu cha kisasa. Nikamwonyesha karatasi ya fundi wa barabarani yenye vipimo vyote viwili, kabla na baada. Kaisoma, kanirudishia, kaendelea na simu yake.

Nyongeza: Kuna mkuu anasema chini huko nachukia teknolojia. Sichukii. Unataka LED za kumulika geji, funga, gari ni lako. Lakini taa ya chaji usiiguse. Ukilazimisha, funga na rezista sambamba nayo, ya kama ohm 100, ya wati 2 kwenda juu, ili umeme upate pa kupita. Fundi anayechukua hela za watu kwa kazi ya umeme anatakiwa kulijua hilo kabla hajashika gari la mtu.

Na anayeuliza kwa nini nisisamehe tu kwa euro 180: ningesamehe kama angesema samahani. Hajasema mpaka leo. Nimempelekea barua, nimempa siku 14. Nataka hela yangu, na nataka vishikio vya balbu alivyovivunja vitatu akilazimisha LED ziingie; nimevikuta vimeshikiliwa na gundi.

Kama kuna mdau aliye Ulaya ana dashibodi ya T2 ya miaka hiyo aliyoifungua kwa ajili ya spea, naomba anitafute kwenye ujumbe wa faragha. Nahitaji vishikio vitatu na balbu za wati 1.2, nitalipa na posta.