Mume alikuwa anapiga: mahakama inaangaliaje kwenye malezi ya watoto?

Chumbageni2: Habarini wapendwa. Dada mmoja hapa Tanga ana watoto wawili, miaka 5 na 11. Ndoa inavunjwa kwa sababu ya vipigo, na baba anawataka watoto. Ukatili ule una uzito gani?

Wakili_Ngamiani: Pole yake. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinatanguliza ustawi wa mtoto. Aliye chini ya miaka 7 huchukuliwa kuwa ni heri akae na mama, ila baba anaweza kuipinga dhana hiyo kwa ushahidi. Wengi wanakwama hapa: wanathibitisha kipigo ili wapate talaka, ikifika zamu ya malezi wananyamaza. Aeleze kilivyowagusa watoto. Walishuhudia? Yule mdogo ameanza kukojoa kitandani? Mkubwa ameporomoka darasani?

BiPongwe: Karatasi, karatasi! PF3 (fomu ya polisi ya majeruhi) iliyojazwa na daktari majeraha yakiwa mabichi, namba ya RB (ya taarifa iliyoandikishwa polisi), na jirani aliyesikia kelele kwa masikio yake. Jirani aliyesimuliwa tu hasaidii kitu.

Wakili_Ngamiani: Kweli kabisa, Bi Pongwe. Aombe pia ripoti ya afisa ustawi wa jamii. Maoni ya huyo wa miaka 11 yana nafasi yake, lakini tafadhali asifundishwe cha kusema. Hakimu akigundua, mama ndiye anaumia. Na kama kuna hofu, aombe amri baba awaone watoto mchana, mbele ya mtu mzima anayeaminika.