Eti Marijani "kaiga" Zuwena ya Diamond! Yule jamaa leo kanimaliza

Wakuu, naandika huku natetemeka. Mnamjua ninayemsema, yule mjuaji wa kila kitu tangu Adamu hajapata nguo.

Tulikuwa tunatajiana nani anasikiliza nini. Mmoja kaweka singeli, mwingine Fally Ipupa, dada mmoja Bi Kidude, kila mtu na roho yake. Mimi nikaweka Zuwena ya Marijani Rajabu na bendi yake Dar International, nikaandika "sikilizeni gitaa hilo". Basi.

Akaja yeye: "Huyu mzee kaiga Zuwena ya Diamond, halafu hata sauti hana." Na stika ya mbuzi anacheka.

KAIGA! Jabali la Muziki kaiga! Marijani kafariki 1995, Diamond kazaliwa 1989. Yaani Marijani kafufuka, kapanda daladala mpaka studio, kaiga, karudi kaburini? Nyimbo zimefanana jina, huyu kaamua mkubwa kamwibia mdogo. Diamond mwenyewe sina neno naye, nyimbo zake ninazo kwenye simu.

Na "hata sauti hana"! Redio Tanzania ikiipiga sauti ile, baba yangu alikuwa hasemeshwi. Chai inapoa, sisi watoto kimya, mpaka iishe. Sauti hiyo ndiyo haipo?

Ukimwambia mtu unachosikiliza umemkaribisha chumbani kwako. Yeye kapanda kitandani na viatu. Kaiga! Na ule mbuzi! Leo hata ugali haupiti.

Kobe_wa_Tandika: Huyo huyo aliniambia taarab ni muziki wa wanaodaiwa kodi. Siti binti Saad karekodi santuri Bombay 1928, babu yake huyo hajui hata redio ni nini.

Mpiga_Tumba: Mkuu, kwa hiyo umenyimwa usingizi na mbuzi wa stika? 😂😂

mleta uzi: Si mbuzi, ni KAIGA. Soma vizuri.

Mpiga_Tumba: Umemtaja mbuzi mara mbili.

SikindeDamu: Zuwena sawa, ila mjue walioanzisha bendi ya Mlimani Park, ndiyo Sikinde, 1978 wengi walitoka hapo hapo Dar International. Utamu wote ulihamia Sikinde.

Baba_ya_Muziki: Nilijua tu utakuja. Bendi yetu ya Msondo ipo tangu 1964 ikiitwa NUTA Jazz. Sikinde watoto wadogo, mtusalimie kwanza.

SikindeDamu: Umri si muziki. Hata mbuyu una umri.

Pwani254: Sisi huku Mombasa tunaskiza Les Wanyika, band ya Nairobi, nyinyi endeleeni kupigana.

Baba_ya_Muziki: Bendi ya Nairobi, wanamuziki wa wapi? Sema polepole tukusikie.

mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada. Kasema Marijani KAIGA.

Dada_Mwanjelwa: Mimi wanaonikera ni wanaoweka wimbo bila jina. Ukiuliza, wanakujibu "utafute". Sasa niutafute wapi, Kariakoo?

Kobe_wa_Tandika: Na wale wa kurekodi redio ya daladala, unasikia konda tu anaita Mbagala.

Dada_Mwanjelwa: Hao wachapwe.

mleta uzi: Kwa hiyo hakuna anayeona uchungu?

SikindeDamu: Tunauona mkuu. Baba_ya_Muziki, nijibu la mbuyu.

Mgeni_Jukwaani: Habarini wakuu, kuna wimbo wa zamani unaanza na tarumbeta halafu jamaa analalamikia mke. Mwenye nao atume.

Pwani254: Hiyo ni nyimbo zote, ndugu yangu.