Optometrista (mtaalamu wa kupima macho) au daktari bingwa wa macho, mtoto nimpeleke kwa nani?

Mama_Kihesa: Habari wadau, binti yangu ana miaka 8, mwalimu kasema anasogea mbele ndo asome ubao, na kwenye tivii anakunja macho. Hapa mtaani duka la miwani wanapima bure kwa mashine, dakika mbili unaondoka na miwani, niende huko au lazima hospitali?

Moshi_Kwetu: Dada, kwa mtoto hiyo mashine peke yake usiitegemee kabisa. Jicho lake lina nguvu ya kujivuta, anajikaza bila kujua, mashine inasoma uongo anapewa lenzi kali kuliko anayohitaji, ndo maana optometrista anaweza kumuwekea kwanza matone ya kulegeza jicho halafu ndo anapima. Anza na huyo, kasomea upimaji, kule hospitali ya KCMC Moshi wanawafundisha. Akikuta tatizo la upasuaji anakupa rufaa kwa bingwa.

Babu_Lenzi: Naongezea, muulize anayempima kama amesajiliwa, sheria ya optometria ipo tangu 2007, una haki ya kuuliza. Na nyie wazazi mliovuka 40 kapimeni presha ya macho jamani, glakoma, ugonjwa wa macho unaoendana na hiyo presha, mara nyingi hauumi, unakula uoni wa pembeni taratibu na kilichopotea hakirudi.

Mama_Kihesa: Asanteni sana. Hayo matone yatamuumiza?

Moshi_Kwetu: Yanachoma kidogo tu, ila mwanga utamsumbua na maandishi ya karibu yatakuwa na ukungu kwa masaa kadhaa. Usimpeleke siku ya mtihani, na mbebee kofia.