Naomba ushauri: mpwa wangu anataka kujifunza kutunga kwa kusikiliza bendi za zamani, nianze naye wapi?

Mzee wa Chemko

Wakuu habari za jioni.

Nina mpwa wangu, binti wa dada yangu, anaimba na ana sauti hasa (sisemi kwa kuwa ni damu yangu, hata kwaya yao inajua). Ametunga nyimbo kadhaa, kazirekodi kwenye simu. Juzi kanijia: "Mjomba, nifundishe bendi zenu zilikuwa zinatungaje, maana nyimbo zangu zikifika dakika ya pili sina cha kusema tena."

Nilifurahi, halafu nikabaki nimeduwaa. Mimi ni mtu wa muziki wa dansi tangu enzi za RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam). Nizimie taa unipigie sekunde chache tu, nitakwambia hiyo ni Sikinde (Mlimani Park) ya Michael Enoch au Maquis ya Chinyama Chiyaza. Waimbaji Gurumo na Bitchuka wakipokezana najua nani kavuta pumzi. Ila kumweleza mtu kwa nini wimbo umesimama, hapo nakwama.

Basi nikamwekea wimbo mmoja wa Mlimani Park wa mwanzoni mwa miaka ya 80, nikamwambia tulia usikilize. Matarumbeta na saksafoni zikafungua, zikapisha, gitaa la solo likabaki linadonoa chini kwa chini, mwimbaji akaanza kueleza yaliyomkuta, taratibu, bila haraka yoyote. Mara naona kidole cha binti kinasogeza ule mstari kwenye kioo cha simu. Anatafuta panaponoga! Akafika kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho muziki unapopanda kwa ajili ya kucheza, akatingisha kichwa, akaniuliza: "Mbona hapa ndipo patamu, kwa nini hawakuanzia hapa?"

Sikuwa na jibu la maana. Kwangu chemko ni tamu kwa sababu nimeshamsikia yule bwana akilia shida yake ubeti kwa ubeti. Wewe umeingia mahakamani hukumu inasomwa na kesi huijui, utashangilia nini? Lakini nikimwambia hivyo nitaonekana mzee wa "zamani ilikuwa bora", na hilo silitaki.

Kuna la pili, na hili linanihusu mwenyewe. Zamani nilikuwa nakaa na redio kaseti, kidole kiko kwenye kitufe cha kurekodia, naomba mtangazaji asije akaongea juu ya gitaa la mwisho. Wimbo nikiunasa nausikiliza mpaka kanda inakwaruza. Sasa hivi simu yangu ina bendi zote, Vijana Jazz, Dar International ya Marijani, Safari Sound zile za mtindo wa Masantula na za mtindo wa Ndekule, na jioni nikikaa kusikiliza naruka tu. Vichwa vya nyimbo tele, mkia hata mmoja sijaufikia. Sasa mtu wa namna hiyo atamfundisha nani utulivu?

Naomba mawazo: nimsikilizishe nini, kwa utaratibu gani, na kuna namna ya kumweleza utunzi wa dansi bila kumhubiria? Wanamuziki mliomo humu msinipite.

Nawasilisha.

MsondoDamu

Mkuu tatizo lako liko wazi, umeanza na Sikinde. Mtoto wa watu amesinzia. Mpe Msondo! Bendi ilianza kama NUTA Jazz 1964, ikaja Juwata, ikaja OTTU, majina yanabadilika na ngoma iko palepale. Nitarudi na ushauri wa maana nikimaliza kucheka.

Rithim Mkongwe

Kaka, nimepiga gitaa la rithim kwenye bendi mbili, nisizitaje, wenyewe wapo. Nikueleze ilivyokuwa tukitunga, labda itakusaidia kumjibu binti.

Mtunzi alikuwa anakuja mazoezini na vitu viwili: maneno na sauti yake, yaani jinsi yanavyoimbwa. Hana muziki. Anasimama anatuimbia mkavu, sisi tumekaa na magitaa tunasikiliza. Mpiga solo anatafuta pa kumjibu, kwa sababu gitaa la solo kwenye dansi ni mtu wa pili kwenye mazungumzo. Mwimbaji akimaliza mstari, gitaa linasema "enhe?", anaendelea. Mimi wa rithim kazi yangu ni kutengeneza kamba ambayo haikatiki. Besi na tumba wanashika ardhi. Watu wa tarumbeta na saksafoni mara nyingi wanapangiwa mwisho, baada ya sisi kujua wimbo unapumulia wapi.

Sasa chemko. Nyingi hazikutungwa mezani. Wimbo unapelekwa ukumbini, tuseme DDC Kariakoo, unapigwa kila mwisho wa wiki. Tunawaangalia wachezaji. Kibwagizo kimoja kikiwapandisha watu kwenye jukwaa tunakirefusha, kingine kikiwarudisha vitini tunakitupa, hata kama mtunzi atanuna. Zile kelele za kutajana majina na kuchombeza unazozisikia kwenye chemko, nyingi zimezaliwa usiku wa manane na jasho linatiririka.

Tukiingia studio za RTD wimbo umeshapikwa. Na ilibidi uwe umepikwa, kwa sababu tulikuwa tunapiga wote kwa pamoja, maiki za kuhesabu. Mtu wa tarumbeta akikosea kwenye dakika ya sita, tunarudi mwanzo, na wote mnamwangalia. Tena mashairi yalikuwa yanakaguliwa kabla, ndiyo maana mafumbo yalijaa. Ulitaka kumsema mtu, umseme asikamatike.

Kwa hiyo binti akuambie hivi: wimbo wake ameuimba mbele ya watu mara ngapi kabla ya kuurekodi? Nahisi hata mara moja bado. Simu imekuwa mahali pa kwanza pa wimbo badala ya kuwa pa mwisho. Amtafute mpiga gitaa mmoja, waimbe kwenye sherehe, sebuleni, popote, aone watu wanainua vichwa wapi. Hiyo dakika ya tatu ataipata huko.

Dogo Prodyuza

Shikamooni wazee. Mimi ni wa studio, natengeneza biti, lakini nimekulia nyumba ya zilipendwa kwa hiyo msinifukuze.

Mzee wa Chemko, kidole cha mpwa wako usikilaumu. Leo tunatunga tukijua msikilizaji yuko huru kuondoka. Kwenye Spotify wimbo unahesabiwa umesikilizwa ukishapita sekunde 30. Sasa mimi nikianza na matarumbeta dakika nzima, msanii wangu atakula nini? Ndiyo maana kiitikio tunakipandisha juu kabisa. Na nyinyi mlikuwa na bosi wenu vilevile, alikuwa mchezaji ukumbini. Alishalipa kiingilio, hana pa kwenda, anataka aanze pole pole na mwenzi wake kisha mumchemshie. Wimbo ulirefuka kwa sababu yake. Sidhani kama watu walikuwa na subira kuliko sisi.

Ila nakubali kitu kimoja. Vijana wengi wanaonijia, ubeti wa pili ni ubeti wa kwanza umebadilishwa nguo. "Nakupenda, umenitesa, nakupenda sana, umenitesa sana." Kwenye dansi ubeti wa pili kuna jambo jipya limetokea: barua imefika, mama mkwe ameingilia kati, jamaa amefukuzwa kazi. Mpwa wako akimaliza ubeti wa kwanza ajiulize tu, halafu ikawaje? Asipokuwa na jibu, basi ana hisia na bado hana wimbo.

Na akitaka kuanza na chemko aanze, mzee. Aweke sekunde chache za utamu mbele, arudi nyuma atusimulie, kisha airudishe ndefu. Nimefanya hivyo na msanii mmoja, watu wameelewa.

Bi Santuri

Nimesoma nikatabasamu. Marehemu baba alikuwa na santuri nyingi, zile ndogo za 45 zilizokuwa zinatoka Nairobi. Wimbo mrefu haukuenea upande mmoja, kwa hiyo unakatwa: upande wa kwanza sehemu ya kwanza, upande wa pili sehemu ya pili. Maneno yanaisha, sindano inakwaruza katikati, mtu anainuka kugeuza, ndipo gitaa linaachiwa. Kuna mjomba wetu alikuwa akifika anaweka upande wa pili moja kwa moja, na baba alikuwa anamgombeza kila mara. Kwa hiyo hao wa kurukia chemko walikuwepo, msiwasingizie watoto wa simu.

Nina neno kwa binti, na wakaka mnivumilie. Hizo kesi mnazozisifia, mshtakiwa ni nani? Mwanamke. Kahama, kadanganya, kapenda pesa, kasikiliza maneno ya mashoga zake. Na anayeimba karibu siku zote ni mwanaume, na yeye ndiye shahidi na ndiye hakimu. Wapo wanawake walioimba kwenye bendi, Kida Waziri alikuwa Vijana Jazz pamoja na Hemed Maneti, lakini walikuwa wa kuhesabu. Wanawake walisema yao kwenye taarabu zaidi.

Basi mpwa wako achukue wimbo mmoja wa dansi anaoupenda, asikilize mashtaka yote mpaka mwisho, kisha atunge majibu ya huyo mwanamke aliyetajwa jina. Kwa utaratibu uleule: aeleze kwanza, achemke baadaye. Hapo hataruka hata mstari mmoja, maana huwezi kujibu tuhuma ambayo hukuisikia. Na cha kusema hakitamwishia, nakuhakikishia.

MsondoDamu

Bi Santuri umetupiga. Sina hoja. Naendelea kucheka, ila sasa najicheka mwenyewe.

Sauti ya Pili

Kwa upande wa usikilizaji, Mzee wa Chemko, nadhani umempa mlima mrefu mno siku ya kwanza. Sikinde kuna magitaa matatu manne, safu nzima ya vipulizo, waimbaji wanapokezana na kuungana. Mtu aliyezoea sauti moja na biti anasikia ukuta. Anza na Les Wanyika. Wimbo wao Sina Makosa hauna tarumbeta, ni magitaa, besi, ngoma na sauti. Ile rithim ya Profesa Omar Shabani inazunguka palepale tangu mwanzo, besi ya Tom Malanga inatembea chini yake, na kila kitu kina nafasi yake. Mwambie asikilize besi peke yake mpaka wimbo uishe. Kesho yake rithim peke yake. Maneno ya mwisho kabisa.

Akishazoea ndipo umpeleke kwa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, asikie mtu anayeimba na kulipiga solo mwenyewe, anajiuliza na kujijibu. Halafu Sikinde. Atasikia tofauti kabisa na alivyosikia juzi.

Na wewe mwenyewe, toa hizo nyimbo kwenye simu. Weka albamu moja tu, nyingine zote zihamishie kwenye flashi uipe mtu akutunzie. Mimi nilifanya hivyo, siku za mwanzo mkono ulikuwa unawasha.

Mzee wa Chemko

Wakuu, dada Bi Santuri, nashukuru sana. Dogo Prodyuza marahaba, na hoja yako ya mchezaji ukumbini imeniingia, sikuwahi kuifikiria kwa upande huo.

Nimemsomea binti majibu yenu yote. La barua na mama mkwe limemchekesha. La Bi Santuri limemfanya anyamaze, kisha akaniuliza: "Mjomba, kwani hao wanawake wa kwenye nyimbo walikuwa watu wa kweli?" Nikamwambia wengine walikuwa wanakuja ukumbini na kuutaka wimbo wao upigwe tena. Rithim Mkongwe atanithibitishia.

Swali dogo kwa Rithim: akitunga majibu, aimbe juu ya muziki uleule au atafute wake? Naogopa akishika ule wa bendi atamwiga mwimbaji.

Rithim Mkongwe

Nathibitisha, na wengine walikuwa wanatuma soda jukwaani.

Kuhusu swali lako, asishike muziki wa bendi. Aimbe mkavu kwanza kama watunzi wetu, apige meza kwa kiganja tu. Akishajua anavuta pumzi wapi, pale anapovuta ndipo gitaa litakapoingia. Wengi wanatunga juu ya biti iliyokwisha kujaa, hawaachi tundu, na wimbo usio na tundu mpiga solo hana pa kusemea. Halafu ubeti wa kwanza usizidi kile anachoweza kuimba bila kutazama karatasi. Akilazimika kusoma, maneno yamekuwa mengi.

Dogo Prodyuza

Akishapata hiyo rekodi ya meza na kiganja naomba mniletee. Bure kabisa. Nataka tu Rithim Mkongwe aje na gitaa, nimkalishe kwenye maiki moja apige wimbo mzima bila kukata, nione kama bado mkono upo.

Rithim Mkongwe

Mkono upo, dogo. Nyuzi ndizo sina. Ninunulie seti ya nyuzi uniambie siku.

MsondoDamu

Nyuzi nanunua mimi, kwa sharti moja: chemko ipigwe Kimsondo.